Siku moja tu ya pwani: mikokoni, maji yakipwa, mwambani au kilindini?

Likizo ikikaribia, walimu wenzangu huniuliza swali lile lile: tuna basi, tuna watoto arobaini, tuna siku moja, tuwapeleke wapi wakaone viumbe wa baharini wanavyoishi? Wazazi nao huuliza, ingawa wao wana watoto watatu na gari la kukodi. Watu wengi hujibu "mwambani", kwa kuwa ndiko kwenye rangi na ndiko picha zinakopigwa. Mimi nimefundisha baiolojia hapa pwani kwa miaka, na jibu langu ni jingine. Nalitoa mapema: kama unachotaka ni mtoto aelewe jinsi kiumbe anavyolingana na makazi yake, mpeleke mikokoni kwanza, na maji yakipwa teremkeni ufukweni. Mwamba uje wa tatu. Kilindi kina maajabu kuliko vyote, lakini si mahali pa kwenda na basi la shule.

Nieleze kwa nini, maana najua mwamba una wapenzi wake, na mimi ni mmoja wao.

Mikokoni

Huko mtoto haoni mnyama kwanza, anaona mizizi. Mkoko wenyewe, ule ambao sehemu nyingine huitwa mkaka, umesimama kama mzee mwenye fimbo saba: mizizi inatoka shinani hewani, inapinda, inashuka hadi topeni. Mchu, mti mwingine wa huko mikokoni, haufanyi hivyo. Umetandaza mizizi yake chini ya tope, kisha ukachomoza juu vijiti vyembamba kama penseli, maelfu kwa mti mmoja. Sababu ni ile ile kwa yote miwili: tope la mikokoni halina hewa. Likanyage, unase hadi gotini, na ukiuchomoa mguu utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni gesi ya bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Mzizi ukizikwa humo bila pa kupumulia unakufa, kwa hiyo kila mti umejitafutia pua yake.

Chumvi nayo ina majibu mawili. Mkoko huizuia mlangoni. Mizizi huchuja maji na sehemu kubwa ya chumvi haiingii kabisa. Mchu huiacha iingie, kisha huitoa kupitia majani kama jasho. Hili ndilo jambo ninalopenda kulionyesha kuliko yote, kwa sababu halihitaji darubini wala umeme. Tafuta jani la mchu siku isiyo na mvua, ligeuzegeuze juani uone chembe zinavyometa, kisha mwambie mtoto alilambe. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza alilamba, akanyamaza, akachuma jingine akalamba tena. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mti huu unakunywa bahari?" Ndiyo mwanangu, unakunywa bahari, na hiyo uliyoilamba ndiyo masazo. Nina hakika swali lile hatalisahau hata akisahau jina langu.

Onyesha pia mbegu ya mkoko. Haisubiri kuanguka ndipo iote. Huota ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, kijiti kirefu cha kijani chenye ncha. Ikidondoka maji yakiwa yamepwa inaweza kuchoma tope na kusimama papo hapo. Ikidondoka maji yamejaa, inaelea hadi ipate pa kushika. Na miti yenyewe imejipanga: mlilana hupenda kukaa mbele kabisa ukitazamana na bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa mbali zaidi kuelekea nchi kavu ambako maji hufika kwa nadra. Ukitembea kutoka nchi kavu hadi majini ndani ya dakika kumi umepita mitaa mitatu yenye wenyeji tofauti. (Waliojenga Lamu waliijua miti hii kwa namna yao: vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na nyumba ikafuata boriti.)

Halafu wanyama. Simameni juu ya daraja la mbao, msipige kelele kwa dakika tano, na tope litaanza kusogea. Kaa wadogo wanatoka mashimoni mwao, madume wakiwa na gando moja kubwa la rangi, wakilipunga kama abiria anayesimamisha daladala. Wanawaita majike na kuonyana wao kwa wao. Maji yakikaribia, wanaingia ndani na kuziba mlango kwa donge la tope. Karibu yao utaona samaki wanaorukaruka topeni, macho yamewatoka juu ya kichwa kama ya chura. Ni samaki kweli, wana mapezi na matamvua, lakini hupumua pia kupitia ngozi na utando wa kinywa, mradi wabaki na unyevu. Mapezi ya mbele wanayatumia kama mikono ya kujikokota. Nimewaona watoto wakibishana nusu saa nzima kama yule ni samaki au mjusi, na mwalimu hapaswi kuukatiza ubishi wa namna hiyo.

Kuna konokono mmoja mdogo ambaye watafiti wamemchunguza sana pale Mida, Watamu. Maji yakipwa hushuka topeni kula. Kabla maji hayajarudi, tope likiwa bado wazi na bahari bado iko mbali, anaanza kupanda shina la mti. Hasubiri aloweshwe. Ana saa mwilini mwake. Tondo, yule mkubwa ambaye watu humla, yeye hubaki chini akitafuna majani ya mkoko yaliyoanguka; mdogo wake, akiwa bado hajakua, hawezi kula majani hayo, hula uchafu laini wa juu ya tope. Kwa hiyo baba na mtoto wanaishi tope moja bila kugombea sahani.

Kasoro za mikoko? Mbu, hasa jioni. Harufu. Rangi ni mbili tu, kijani na kahawia, na mtoto wa miaka mitano atachoka kabla hujamaliza habari ya mizizi. Lakini huhitaji boti, huhitaji kujua kuogelea, na gharama ni ndogo. Gazi, kusini mwa Mombasa, kuna daraja la mbao linaloendeshwa na kina mama wa kijiji. Unguja lipo katika hifadhi ya Jozani. Mida nako lipo. Delta ya Rufiji ndiyo msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki, ila si wa safari ya siku moja.

Maji yakipwa

Pwani yetu imejaliwa kitu ambacho watu wa bahari nyingi hawana: maji yanayotembea kweli kweli. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Mashariki ya Unguja, Chwaka hadi Jambiani, bahari hurudi nyuma ukaweza kutembea kilomita nzima juu ya sakafu yake. Hiyo ni sakafu ya bahari, na mtoto anaikanyaga kwa viatu vyake vya mpira.

Shida ya kiumbe wa hapa ni muda. Saa sita yuko baharini, saa sita yuko jangwani. Maji ya vidimbwi yakipigwa na jua yanakuwa ya moto. Mvua ikinyesha chumvi inapungua ghafla. Kila mmoja ana mbinu. Kome hujifungia na maji kidogo ndani ya kombe. Kaa anayeishi katika makombe ya konokono waliokufa hubeba kivuli chake mgongoni. Jongoo bahari analala tu kwenye kidimbwi kama soseji iliyosahauliwa, lakini baadhi yao ukiwachokoza hutoa nyuzi nyeupe zinazonata mikono mpaka utamani kisu. Watoto hucheka wakiambiwa kwamba jongoo hupumua kwa kuvuta maji kupitia nyuma. Wacheke, ni kweli.

Mwaka mmoja tulikutana na bibi mmoja anayechokoa pweza, kijiti mkononi, kikapu begani. "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu, mmekuja kuvua au kutazama?" Akatuita mbele ya shimo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelipita. Hapakuwa na pweza wa kuonekana. Palikuwa na maganda ya kaa na makombe yaliyovunjika, yamekusanyika nje ya tundu. "Mwenye nyumba ametupa taka," akasema. Akaingiza kijiti taratibu, na kwa sekunde moja tukamwona pweza akiwa wa kahawia, kisha mweupe wa hasira, kisha rangi ya jiwe lile lile lililomficha. Hana mfupa hata mmoja, kwa hiyo shimo lolote linalopitisha mdomo wake mgumu linampitisha yeye mzima. Ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Hayo ya mwisho niliyasema mimi; ya maganda ya kaa nilijifunza kwa bibi yule siku ile.

Majani ya baharini yanastahili muda pia, na hapa wengi hukosea. Nyasi bahari si mwani. Zina mizizi, zina shina, zinatoa maua chini ya maji. Ni jamaa wa mimea ya nchi kavu waliorudi baharini. Kasa wa kijani huzila, tasi huzila, na nguva, ambaye sasa ni adimu mno kwetu, hutegemea hizo. Mwani unaolimwa kwenye vigingi Zanzibar, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989, hauna mizizi. Hufyonza chakula kwa mwili mzima. Ndiyo maana unaathirika upesi maji ya kina kifupi yakizidi kuwa ya moto, na aina ya kotoni imekuwa ikifa mpaka wakulima wengi wakabaki na ile ya bei ndogo. Mtoto akisikia habari hiyo amesimama mbele ya kamba za mwani, anaelewa kwamba kuzoea makazi kuna mpaka wake.

Hatari za ufukweni ni za kweli. Samaki jiwe hufanana na jiwe kabisa, na miiba ya mgongo wake ina sumu kali. Kuna wale weusi wa duara waliojaa sindano. Viatu vyenye soli ngumu ni lazima, na kila mtoto atazame anapokanyaga. Mwenye kiti cha pweza mkononi, yule mnyama mwenye umbo la nyota, amrudishe majini mara moja. Miguu yake midogo inaendeshwa na maji, na kumwinua juani ili apigwe picha ni kumtesa.

Mwambani

Sasa mwamba. Ukivaa miwani ya maji na kuinamisha uso kwa mara ya kwanza juu ya matumbawe, unasahau hata kupumua. Sitaki kuupunguzia mwamba haki yake. Ila tazama shida iliyopo pale ni ya aina gani. Maji ni ya joto la wastani, safi, na chumvi haibadiliki sana. Hakuna tope wala jangwa la saa sita. Shida ya mwambani ni majirani. Wamejazana kama watu wa mtaa wa zamani wenye nyumba zilizogusana kuta, na kila mmoja amelazimika kutafuta kazi ambayo mwingine haifanyi.

Tumbawe lenyewe ni mnyama mdogo aliyepangisha mwani wa kuonekana kwa hadubini ndani ya ngozi yake. Mwani unampa chakula kutokana na jua, yeye anaupa makazi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa mkataba unavunjika, mwani unatoka, tumbawe linabaki jeupe na mara nyingi hufa. Mwaka 1998 joto la El Niño liliharibu sehemu kubwa ya miamba ya Afrika Mashariki namna hiyo. Pono wana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Huguguna mwamba, na ukitulia chini ya maji unawasikia wakitafuna. Wanachokitoa nyuma ni mchanga mweupe, sehemu ya ule ule tunaoutandikia mikeka. Kuna samaki mwembamba mwenye mstari wa buluu ambaye kazi yake ni kuwasafisha wengine vimelea, na hata mkunga, mwenye meno yale, humfungulia kinywa akaingia na kutoka salama. Na yule samaki wa rangi ya chungwa na mistari myeupe anaishi katikati ya minyiri yenye sumu ya mnyama anayefanana na ua, bila kudhurika kwa sababu ya ute ulio juu ya ngozi yake. Katika kundi lao mkubwa kuliko wote ni jike. Akifa, dume wake hugeuka kuwa jike.

Hadithi hizi ni tamu, lakini sikiliza tatizo: kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, ni hadithi za kusimuliwa zaidi kuliko za kuonwa. Safari yangu ya kwanza na darasa, mwenye boti alichelewa saa mbili, tukafika maji yakijaa na yakiwa machafu, nusu ya watoto wakiwa na kichefuchefu. Tukapata dakika arobaini. Niliporudi darasani na kuuliza wameona nini, wakaniandikia "samaki wa njano", "samaki wa buluu". Hawakuwa na kosa. Uso ukiwa majini huwezi kuuliza swali, na mwalimu hawezi kuonyesha kidole na kueleza.

Kwa hiyo mwamba chagua kama watoto wanajua kuogelea, kama wametimiza miaka kumi hivi, na kama umepata mwongozaji anayeeleza kabla ya kuingia majini. Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, ina mwamba uliohifadhiwa tangu miaka ya 1990 na imekuwa ikipokea wanafunzi wa shule za visiwani kwa masomo. Kenya, hifadhi za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na Kisite iko kusini karibu na Wasini. Popote uendapo, mtu asisimame juu ya matumbawe. Kijitawi kinachovunjwa na kisigino kimoja kimechukua miaka kukua.

Kilindini

Ukitoka nje ya mwamba, sakafu inaondoka. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita. Huko hakuna pa kujificha, na kadiri unavyoshuka mwanga unapungua. Baada ya mita 200 mimea haiwezi tena kuishi kwa jua, na kila mita 10 zinaongeza uzito wa maji sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu.

Wa juu wamekuwa wepesi na wa rangi mbili. Jodari ana mgongo wa buluu iliyokoza na tumbo la fedha, kwa hiyo anayemtazama kutoka juu anaona kilindi na anayemtazama kutoka chini anaona mwanga. Hawezi kusimama, akiacha kuogelea maji hayapiti kwenye matamvua na anakosa pumzi. Tena misuli yake hubaki na joto kuliko maji yanayomzunguka, jambo adimu kwa samaki. Potwe, mkubwa kuliko samaki wote, amechagua kula wadogo kuliko wote: anafungua kinywa na kuchuja. Mafia, mbele ya Kilindoni, kati ya Oktoba na Februari, mtu anaweza kumwona bila kwenda mbali, na kama una familia ndogo na fedha za boti, hiyo ndiyo safari pekee ya maji makubwa ninayoishauri kwa moyo wote.

Silikanti, samaki wa kale wa kilindini, ndiye anayenisisimua zaidi, na humwoni. Wanasayansi walimdhani ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Malindi alipatikana 2001, na kuanzia 2003 wavuvi wa Tanga wakaanza kumtoa kwenye jarife lililotegwa chini sana kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Mchana hujificha mapangoni kwenye kuta za mwamba, mbali chini. Usiku hutoka akielea polepole, akitumia kiungo kilicho puani kuhisi umeme mdogo wa mawindo. Badala ya kibofu cha hewa ana kilichojaa mafuta. Huzaa watoto hai, hukua polepole sana, na anaweza kuishi karibu miaka 100. Jarife moja linaweza kumtoa samaki aliyezaliwa kabla ya babu wa mvuvi kuoa.

Kabla hujakodi basi

Kwa darasa la msingi, ufukwe wa maji kupwa unatosha, na mikoko iwe saa moja tu. Kwa sekondari geuza: mikoko asubuhi na mapema, kisha ufukwe. Kwa familia yenye watoto wakubwa wanaoogelea na siku mbili mkononi, siku ya pili iwe ya mwamba. Anayesomea sayansi ya bahari hahitaji ushauri wangu, ila namwomba atembee mikokoni kabla ya kununua mtungi wa kuzamia.

Msimu una uzito kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa kusi bahari huchafuka na boti zinarushwa. Masika maji huwa na tope la mito. Mwamba na potwe ni vya kaskazi, bahari ikiwa shwari. Mikoko na maji kupwa hayakubagui, mradi si siku ya mvua kubwa.

Na mwezi utangulie kila kitu. Chagua siku karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kwa sababu ndiyo bamvua, na kwetu siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati mzuri kwa shule. Wiki ya maji mafu bahari hairudi mbali, na utakuwa umewaleta watoto kutazama maji tu. Fikeni saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, mfuate maji yanavyorudi, na yakianza kugeuka nanyi mgeuke. Kwenye fukwe pana kama Chwaka yanarudi kupitia mikondo ya nyuma yenu kabla hamjayaona mbele. Hesabu watoto mara mbili.